Kununua, kukodi, huria au kushonesha: mfumo gani wa biashara unaifaa kampuni ya Dar es Salaam?

Ilikuwa tarehe 19, saa mbili usiku, na ritani ya VAT ilitakiwa iwe imefika TRA kesho yake. Nilikuwa nimekaa na mhasibu wa duka moja la vifaa vya ujenzi pale Gerezani. Mauzo ya kwenye kompyuta yalikuwa na jumla yake, Z-ripoti, yaani jumla za siku, za mashine za risiti za EFD zilikuwa na jumla nyingine, na daftari la stoo ya Vingunguti lilikuwa na habari zake tofauti kabisa. Mwenye duka, mzee aliyeanza biashara kwa kupanga misumari kwenye meza ya barazani, alivuta kiti akakaa karibu yetu.

"Mwanangu," akaniambia, "wameshakuja watu wanne mwezi huu kuniuzia mfumo wa kompyuta wa mauzo, stoo na uhasibu. Kila mmoja anasema wa mwenzake umepitwa na wakati. Kipi nikikichukua leo sitakuja kukijutia baada ya miaka mitano?"

Nilimjibu, "Mzee, nipe wiki mbili." Haya ninayoandika hapa ndiyo niliyompelekea, nikiwa nimeongeza mambo ambayo yeye alikuwa anayajua na wewe pengine huyajui. Biashara yake ina maduka matatu (Gerezani, Mbagala na Tegeta), stoo moja, wafanyakazi thelathini na kidogo, na watu 12 wanaohitaji kuingia kwenye mfumo kila siku. Kama wewe una duka moja na mtu mmoja kaunta, sehemu kubwa ya mjadala huu haikuhusu bado: programu ndogo ya uhasibu na nidhamu ya kuingiza mauzo kila jioni vinakutosha.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili usome ukiujua. Kwa wakati huu tulio nao, mfumo bora ni ule ambao siku ukitaka kuuacha utaweza kuuacha, na vitabu vyako vyote vikiwa mkononi. Mengine yote nayapima baada ya hilo.

Kwa nini ardhi inatembea

Kampuni ya programu za biashara ya SAP ilianzishwa Ujerumani mwaka 1972 na wahandisi watano waliotoka IBM. Kwa miongo mitatu iliyofuata, mpango ulikuwa mmoja duniani kote: unanunua leseni, unaweka seva ofisini, mfumo unakuwa wako mpaka uzeeke. Mwaka 1999 Salesforce ikaja na mpango mwingine, programu iko kwao, wewe unaingia kwa kivinjari na kulipa kwa kila mtumiaji kila mwezi. Leo karibu kampuni zote kubwa zimefuata njia hiyo, na zinawasukuma wateja wa zamani wahame. SAP imetangaza kwamba matengenezo ya kawaida ya mfumo wake wa zamani, ECC, yanaishia mwisho wa 2027, na anayetaka kuongezewa muda hadi 2030 atalipia zaidi. Intuit nayo iliacha kuuza Marekani leseni mpya za matoleo ya kawaida ya QuickBooks Desktop baada ya tarehe 30 Septemba 2024.

Kwa hiyo hata yule anayesema "mimi nabaki nilipo" ameshafanya uamuzi. Kompyuta yake itawaka kesho kama kawaida, lakini waliotengeneza programu wanaondoka taratibu chumbani.

Na sasa linakuja badiliko la tatu, la akili mnemba, ambalo linabadilisha hata kile unacholipia. Nitalifikia.

Njia nne zilizo mezani

Ya kwanza ni kununua na kukaa nayo ofisini. Hapa Dar maana yake mara nyingi ni Tally, programu ya Kihindi iliyoanza mwaka 1986 na inayojulikana na wahasibu wengi wa Kariakoo kuliko nyingine yoyote, au QuickBooks ya zamani, au Sage iliyotoka kwenye ukoo wa Pastel wa Afrika Kusini.

Ya pili ni kukodi mtandaoni kutoka kwa wakubwa: Business Central ya Microsoft, NetSuite ambayo Oracle iliinunua mwaka 2016, SAP yenyewe, au Zoho kwa wenye mfuko mdogo.

Ya tatu ni programu huria. Odoo ilizaliwa Ubelgiji mwaka 2005 ikiitwa TinyERP. ERPNext inatoka kwa kampuni ya Frappe ya Mumbai. Msimbo wa programu hizi, yaani maandishi yanayoziendesha, uko wazi, unaweza kuuweka kwenye seva yako au ya kukodi, na fundi yeyote anayeujua anaweza kuugusa. Angalizo moja ambalo wauzaji hulipitia haraka: Odoo ina sura mbili. Toleo la jamii ni la bure, ila uhasibu kamili na vitu vingine vya maana viko kwenye toleo la kulipia, ambalo leseni yake si huria. ERPNext haina mgawanyiko huo.

Ya nne ni kushonesha, yaani kumpa kijana au kampuni ya hapa mjini kazi ya kukuandikia mfumo wako kuanzia mwanzo.

Bei: usiangalie namba ya mwezi wa kwanza

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, kwa hiyo tukae kidogo.

Chukua Business Central. Kwa miaka kadhaa bei ya orodha ya Marekani ya kifurushi chake cha kawaida ilikuwa dola 70 kwa mtumiaji mmoja kwa mwezi. Watu 12 kwa mwaka ni dola 10,080. Mwanzoni mwa 2023, dola ikiwa karibu shilingi 2,300, hiyo ilikuwa kama milioni 23.2. Mwaka 2024 dola ilipogusa karibu shilingi 2,700, bili ileile ikawa milioni 27.2. Milioni nne zimeongezeka na hakuna aliyekuandikia barua ya kupandisha bei. Baadaye shilingi ikapata nguvu tena, ahueni ikaja, lakini Novemba 2025 Microsoft yenyewe ikapandisha kifurushi hicho hadi dola 80. Kwa anayekodi, bei ya dola na thamani ya dola yenyewe zote ziko mikononi mwa watu wengine.

Wakala wa hapa nchini akikuletea bei kwa dola, mkumbushe kwamba tangu mwishoni mwa Machi 2025 kanuni zinakataza kutoza bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Andikiana naye mkataba wa shilingi, na mbishane mapema juu ya bei itakavyopanda mwaka wa pili na wa tatu.

Programu huria inaonekana bure kwenye karatasi, na hilo nalo lisikudanganye. Leseni ni sifuri, lakini utalipa seva, utalipa fundi wa kuiweka, utalipa mafunzo ya watu wa kaunta, na utalipa tena kila unapohamia toleo jipya. Odoo hutoa toleo kubwa kila mwaka na hulihudumia kwa miaka mitatu. Ukikaa bila kuhama kwa miaka mitano, kuhama kwenyewe kunakuwa mradi mpya. Tofauti ninayoipenda ni kwamba karibu fedha yote inakwenda kwa mtu uliye naye mji mmoja, kwa shilingi, na akizidisha bei unaweza kumtafuta mwingine.

Tally na wenzake ndio rahisi kuliko wote kwa miaka mitatu ya mwanzo. Unanunua mara moja, unalipia huduma ya matoleo mapya ukitaka. Gharama yake haionekani kwenye ankara. Inaonekana pale mhasibu anapokaa siku nne kila mwezi kulinganisha matawi matatu kwa Excel.

Kushonesha kuna bei ya kuanzia inayovutia, kisha hakuna anayejua mwisho wake.

TRA, mali kauli na lipa namba

Mfumo unaweza kushinda tuzo Ulaya na ukakushinda hapa kwa sababu tatu tu.

Kwanza risiti. Tangu mashine za EFD zilipoanza kutumika mwaka 2010, biashara nyingi zimeishi na vitabu viwili: mauzo yanagongwa kwenye mashine, halafu yanaingizwa upya kwenye kompyuta. Kile kilichotukalisha saa mbili usiku pale Gerezani kilikuwa hicho. Sasa mfumo unaweza kuunganishwa moja kwa moja na TRA kupitia VFD, yaani EFD iliyo ndani ya programu, risiti ikatoka na msimbo wake wa QR bila kugonga mara mbili. Ukiletewa mfumo, usikubali picha za kwenye skrini. Sema, "Niuzie mfuko mmoja wa saruji hapa hapa." Risiti itoke, uiskani kwa simu yako, uione kwenye tovuti ya TRA. Kisha sema, "Sasa mteja ameurudisha." Angalia wanavyofuta ile risiti iliyokwisha kwenda. Wengi wanakwama hapo pa pili.

Tally na Odoo hapa zinategemea kiunganishi kilichotengenezwa na mtu wa nchini. Za kukodi pia. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni nani ameandika kiunganishi hicho, na nani atakirekebisha baada ya Julai. Bajeti inasomwa Juni, Sheria ya Fedha inaanza kufanya kazi tarehe 1 Julai, na kila mwaka kuna kiwango kinachoguswa. Mfumo unaohitaji mwezi mzima kubadilisha asilimia moja utakuingiza kwenye adhabu.

Pili mali kauli. Mzee wetu ana mafundi na wauza rejareja anaowapa mzigo asubuhi kwa neno la mdomo, wanaleta hela jioni au Ijumaa. Ana mawinga wanaomletea wateja na kuchukua chao. Ana bei ya mteja wa siku nyingi ambayo haijaandikwa popote. Mifumo ya kigeni inaelewa mteja wa mkopo mwenye kikomo na tarehe. Haimwelewi Mama Fulani anayelipa kidogo kidogo kwa ankara tatu kwa mpigo. Hapa programu huria na ya kushonesha zinaongoza kwa mbali, kwa sababu fundi anaweza kukaa nyuma ya kaunta siku mbili, aone kazi inavyokwenda, kisha aongeze kinachokosekana.

Lakini sikiliza pia upande wa pili. Mwaka 2018 maduka ya Lidl ya Ujerumani yaliachana na mradi wa SAP baada ya miaka saba na gharama iliyokadiriwa kuwa karibu euro milioni 500. Moja ya mambo yaliyosimuliwa sana ni kwamba Lidl ilizoea kuthamini mzigo wa stoo kwa bei ya kununulia, wakati mfumo wa kawaida ulitumia bei ya kuuzia, nayo haikutaka kuacha mazoea yake. Wakaubadilisha mfumo mpaka ukawa mzito. Nilimwambia mzee kwamba mali kauli ni biashara yake, asiiache kwa ajili ya programu yoyote. Bei kumi na saba za mfuko mmoja wa saruji ni mazoea tu, na hizo tukazipunguza zikawa nne kabla ya kugusa kompyuta.

Tatu ni malipo ya simu. M-Pesa iko Tanzania tangu 2008, na leo wateja wengi wa kaunta hawatoi noti. Mfumo usioweza kuchukua namba ya muamala na kuilinganisha na ankara utakupa kazi ya usiku. Mwishoni mwa 2024 Tigo Pesa ilipobadilika kuwa Mixx by Yas, niliona mfumo mmoja wa kushonesha ambao jina la mtandao lilikuwa limeandikwa ndani ya msimbo katika sehemu zaidi ya ishirini.

Umeme, intaneti na moto

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na Dar nzima ikajua siku hiyo nani anategemea nini. Mwishoni mwa Oktoba 2025 intaneti ilizimika nchini kwa siku kadhaa. Waliokodi mfumo mtandaoni bila mpango wa dharura walirudi kwenye kalamu na karatasi. Waliokuwa na seva ofisini waliendelea kuuza, kutoa delivari noti na kuhesabu stoo.

Hiyo ni hoja nzito ya kuwa na mfumo ndani ya jengo. Ina hoja nzito kinyume chake. Soko kuu la Kariakoo liliungua Julai 2021, na kuna wafanyabiashara waliokuwa na kumbukumbu zao zote kwenye kompyuta moja chini ya meza. Seva ya ofisini inahitaji UPS, feni, mtu wa kufuta vumbi, na nakala ya data inayokaa jengo jingine. Ukiwa huna mtu wa kufanya hayo kila wiki, kodi mtandaoni hata kama intaneti inasumbua.

Kwa mzee, mpangilio uliokubalika ni wa katikati: mfumo uko kwenye seva ya kukodi kwenye kituo cha data cha hapa nchini, na kila duka lina kaunta inayoweza kuuza bila mtandao kisha ikapeleka mauzo mtandao ukirudi. Uliza hilo kwa kitenzi, usiulize kwa jina. "Nikizima ruta sasa hivi, naweza kuuza?" Kisha izime.

Kuna jambo la sheria ambalo wauzaji wa kukodi hawalitaji. Sheria ya Usimamizi wa Kodi, kufuatia marekebisho ya miaka ya karibuni, inamtaka mlipakodi anayetunza kumbukumbu kielektroniki awe na seva ya msingi ya data ndani ya nchi, na kumbukumbu zitunzwe kwa angalau miaka mitano. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nayo inafanya kazi tangu Mei 2023, na inagusa taarifa za wafanyakazi na wateja zinazopelekwa nje. Kabla hujasaini na kampuni ambayo data yake inakaa Ireland au Mumbai, kaa na mshauri wako wa kodi mlizungumze kwa maandishi.

Mtu atakayepokea simu

Miaka michache nyuma nilihudumia muuzaji mmoja wa jumla ambaye alikuwa ameshoneshewa mfumo na kijana mahiri. Ulikuwa mzuri kweli, mwepesi, wa Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Kijana akapata kazi nje ya nchi. Mwaka 2023 kodi ya kuendeleza ufundi stadi, ile SDL, iliposhuka kutoka asilimia 4 hadi 3.5, ilionekana kwamba kiwango kimeandikwa ndani ya msimbo, na msimbo wenyewe uko kwenye laptop ya kijana. Nywila ya seva hakuna aliyekuwa nayo. Dada wa mishahara alikokotoa kwa mkono miezi sita. Yule kijana hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alipopigiwa simu alisaidia alivyoweza, usiku wake. Kosa lilikuwa kwamba mfumo wote ulikuwa kichwa cha mtu mmoja.

Watu huniambia, "Mbona serikali imejitengenezea mifumo yake?" Ni kweli. Hazina ilitumia Epicor kwa muda mrefu kisha ikahamia MUSE, uliotengenezwa na wataalamu wa ndani. Malipo ya serikali yanapita kwenye GePG kwa namba za malipo, na manunuzi ya umma yalihamia NeST mwaka 2023. Naifurahia sana kazi hiyo na ningependa ijulikane zaidi. Lakini serikali ina timu ya kudumu, ina Mamlaka ya Serikali Mtandao, na mtu mmoja akiondoka wapo wengine. Duka la Gerezani halina hayo. Kushonesha kunamfaa mwenye jambo ambalo hakuna mfumo uliopo unaoliweza, na mwenye uwezo wa kuwalipa angalau watu wawili wanaoujua msimbo ule.

Kwenye kukodi kwa wakubwa, tatizo la mtu mmoja linapungua, ila linakuja la umbali. Tiketi inafunguliwa, inajibiwa na mtu wa bara jingine asiyejua Z-ripoti ni nini. Unachonunua hasa ni wakala wa hapa. Mchunguze yeye kuliko programu: ana wafanyakazi wangapi wanaojua mfumo huo, wateja wake watatu wa zamani wanasema nini, na tarehe 19 usiku anapokea simu?

Kutoka

Kila muuzaji atakuonyesha mlango wa kuingilia. Omba uonyeshwe wa kutokea.

Nina zoezi moja ninalolifanya na kila mteja kabla ya kusaini. Tunaingiza ankara kumi, malipo matano, mzigo mmoja uliorudishwa na picha ya hati moja. Kisha tunamwambia muuzaji atutolee vyote kwenye mafaili ya kawaida ambayo Excel inaweza kuyafungua. Wengi hutoa masalio tu, yaani salio la kila mteja. Salio halikutoshi. Mkaguzi wa TRA akija atataka muamala mmoja mmoja, na mfumo mpya utahitaji historia ya stoo, nani alichukua nini lini na kwa bei gani.

Hapa programu huria haina mpinzani. Odoo inatunza data kwenye PostgreSQL, ERPNext kwenye MariaDB, zote hifadhidata za wazi ambazo mafundi wengi wa Dar wanazijua. Nakala nzima ya vitabu vyako ni faili unaloweza kuliweka kwenye diski na kulifungia kwenye sefu. Tally inakuja ya pili: data iko kwa muundo wake, lakini inatoka kwa Excel na XML, na leseni uliyonunua itaendelea kufungua vitabu vya zamani hata ukihama. Za kukodi zinatofautiana sana, na mara nyingi zinakupa muda mfupi baada ya mkataba kuisha kabla data haijafutwa. Idadi ya siku hizo isome mwenyewe kwenye mkataba, usiambiwe kwa mdomo. Kwa ya kushonesha, andika kabla ya malipo ya kwanza kwamba msimbo, nywila na jina la tovuti ni mali yako, na vinakabidhiwa kila hatua, visingoje mwisho wa kazi.

Akili mnemba inabadilisha nini

Inabadilisha mambo mawili, na moja linazungumzwa kuliko jingine.

Linalozungumzwa ni kazi. Microsoft ina Copilot, SAP ina Joule tangu 2023, na wengine wote wana chao. Picha ya ankara ya mzigo wa Guangzhou inasomwa na kuingizwa yenyewe, mstari kwa mstari. Malipo ya benki yanalinganishwa. Mwenye duka anauliza kwa maneno, "Nani hajanilipa zaidi ya siku arobaini?" na anapata orodha. Nimeyaona yakifanya kazi, na yanasaidia. Nimeyaona pia yakikwama pale Gerezani, kwa sababu kwenye orodha ya bidhaa kulikuwa na "nondo 12", "Nondo mm12" na "12mm bar", na kumbe zote ni nondo moja. Mashine ikajibu kwa uhakika kabisa kwamba stoo imebaki na nondo kidogo, wakati zilikuwa zimejaa chini ya jina jingine.

Lisilozungumzwa ni bei. Mpango wa kulipa kwa kila mtumiaji unaanza kuyumba, kwa sababu kama akili mnemba inafanya kazi za makarani watano, muuzaji anapoteza leseni tano. Mwaka 2024 Salesforce ilianza kuuza Agentforce, huduma yake ya wasaidizi wa akili mnemba, kwa dola 2 kwa kila mazungumzo, na mwaka uliofuata ikaongeza njia ya kulipa takriban senti 10 za dola kwa kila tendo. Bei yenyewe ilibadilisha sura ndani ya mwaka mmoja. Mwenye duka anayepata wateja 40 siku ya kawaida na 300 wiki ya kuelekea Idi ana sababu ya kuogopa bili inayohesabu matendo.

Kwa hiyo sikumshauri mzee anunue mfumo kwa ajili ya akili mnemba iliyomo ndani yake leo. Nilimshauri anunue ule wenye mlango wa API ulio wazi, yaani njia ya programu nyingine kuunganishwa nao, ili mwakani akiona chombo kizuri akiunganishe bila kuhama. Na nilimshauri asafishe majina ya bidhaa sasa, kwa sababu kazi hiyo itamfaa na mfumo wowote atakaoutumia.

Basi nani achukue nini

Kampuni yenye matawi ya nje ya nchi, wakaguzi wakubwa, na wanahisa wanaotaka taarifa za muundo wa kimataifa: kodi kwa wakubwa. Bei itauma, lakini utapata kile ambacho benki na mbia wako wanakitambua, na utaweza kumudu wakala mzuri.

Mfanyabiashara wa sehemu moja mwenye mhasibu anayeijua Tally usingizini: baki nayo. Unganisha VFD, weka nakala ya data jengo jingine kila jioni, na usione haya kwa mtu yeyote anayekuambia umepitwa.

Mwenye kazi ya pekee kweli, kama kukata na kusambaza vitu kwa mpangilio ambao hakuna programu inayoujua, ashoneshe ile sehemu ya pekee tu, na uhasibu auweke kwenye mfumo wa kawaida.

Na mwenye maduka matatu hadi kumi, mali kauli, stoo ya Vingunguti na mtaji unaozunguka kwa shilingi: programu huria, na kampuni ya hapa mjini yenye mafundi zaidi ya mmoja. Mzee alichukua ERPNext. Odoo ina sura nzuri zaidi na mafundi wake ni rahisi kuwapata, na kama angekuwa tayari kulipia toleo kamili ningemwachia aichukue bila wasiwasi. Kilichomwamulia ni kwamba uhasibu wote uko kwenye toleo lisilo na leseni ya kulipia, na kwamba kampuni aliyoipata ilikubali kuandika kwenye mkataba kuwa itamkabidhi nakala ya hifadhidata kila Jumatatu.

Tarehe ya kuhama tuliipanga tarehe 21, siku moja baada ya ritani, ili tuwe na wiki nne kabla ya nyingine. Jumapili ya kabla yake maduka yote yalifungwa, na watu wote thelathini walikwenda stoo kuhesabu nondo, mabati na mifuko, wawili wawili, mmoja anasoma na mwingine anaandika.